Kupiga Picha za Fataki na Vimondo Usiku

Watu wengi wenye kamera hudhani ya kuwa picha ya usiku haipatikani ila kwa chombo cha thamani kubwa. Sivyo. Jambo kubwa ni kamera itulie kabisa, na jicho lake liachwe wazi kwa muda. Mtu aweza kujifunza kazi hii peke yake, mradi awe na subira.

Fataki ni baruti iliyochanganywa na madini: strontiamu hutoa rangi nyekundu, bariamu kijani, na shaba buluu. Cheche zake huruka upesi. Jicho la kamera likifumbuka na kufumba mara moja, hunasa vidoa tu. Likiachwa wazi sekunde 2 mpaka 4, kila cheche hujichorea njia yake yote, na picha huonyesha ua zima lililochanua.

Basi, simamisha kamera juu ya miguu mitatu, na penye upepo uning'inize chini yake dumu la maji ili isitikisike. Zima taa ya kamera, kwani nuru yake haifiki mbinguni. Weka ISO 100, na tundu la lenzi namba 8 au 11. Lenga kwa mkono kitu kilicho mbali sana. Tumia saa ya kuchelewesha, ili kidole kisiitingishe kamera. Simu nyingi za siku hizi nazo zina njia ya kuweka baadhi ya haya.

Lakini msomaji wa Kutulo, katika njia ya kutoka Wajir kwenda Mandera kupitia El Wak, aweza kuuliza: fataki zenyewe ziko wapi? Ni swali la haki. Aghalabu fataki hurushwa katika miji mikubwa kama Nairobi, hasa usiku wa mwaka mpya, na sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuzirusha bila kibali. Tena katika nchi ya mpakani mlio wa usiku si mchezo. Mwezi wa Desemba 2019 basi la abiria lilishambuliwa katika sehemu hiyo hiyo, na watu wakauawa. Atakayelipua baruti huko kwa ajili ya picha atawatia jirani zake hofu, na huenda akajitia hatarini yeye mwenyewe.

Hata hivyo, mbingu zina fataki zisizo na mlio. Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, siku moja tu baada ya Sikukuu ya Jamhuri, vimondo viitwavyo Geminidi huonekana kwa wingi. Hivyo ni chembe za mavumbi ya Phaethon, jiwe la angani lililogunduliwa mwaka 1983, ambazo huwaka ziingiapo katika hewa yetu. Mkaaji wa Nairobi huzuiwa na taa za mji. Mkaaji wa Kutulo ana giza safi, na hilo halinunuliwi.

Kwa kuwa vimondo vina nuru hafifu kuliko fataki, fungua tundu mpaka namba 2.8 ukiweza, weka ISO 1600 au 3200, na uache jicho wazi sekunde 15 mpaka 20. Rudia mara nyingi bila kuigusa kamera, kwani hakuna ajuaye kimondo kitapita wapi. Saa nane za usiku ndizo bora, ikiwa mwezi haupo.

Usitoke kwenda porini. Ua wa nyumba yako watosha. Mwarifu chifu mapema, usielekeze kamera kwenye kambi ya askari, na amri ya kutotembea usiku ikiwapo, itii.

Mwisho, andika daftarini namba ulizotumia kwa kila picha, na asubuhi uzilinganishe. Ile iliyoharibika itakuonyesha la kurekebisha, na daftari hilo litakuwa mwalimu wako.