Tangi la Kushoto

Alasiri ya tarehe 6 Julai 1988, lori lilifika kwenye mtambo wa maji wa Lowermoor, karibu na mji wa Camelford, Cornwall, Uingereza. Hapakuwa na mtu. Dereva, aliyemshikia mwenzake zamu, alikuwa na ufunguo na maelezo mafupi: tangi liko kushoto. Akafungua mfuniko, akamwaga tani 20 za salfeti ya alumini, akaenda zake. Kumbe tangi lile lilikuwa la maji yaliyokwisha kusafishwa, yakingoja kwenda majumbani.

Salfeti ya alumini si ngeni kwetu. Ni jamaa wa karibu wa shabu inayotiwa kwenye ndoo ya maji ya mto. Hushikanisha chembe za tope zikawa madonge, madonge yakazama, yaliyobaki yakanaswa na chujio. Kipimo kikiwa sawa, alumini karibu yote hutoka na tope. Kiwango kinachoruhusiwa Ulaya ni miligramu 0.2 kwa lita. Camelford kilipitwa mara mamia.

Maziwa yalikatika kwenye chai. Wengine walioga, nywele zikageuka kijani, maana maji yale makali yalikuwa yakila shaba ya mabomba. Midomo ilitoka vidonda, watu wakatapika na kuharisha. Usiku mabomba makuu yakafunguliwa ili kuyatoa maji mabaya, na katika mito Camel na Allen samaki wakafa maelfu kwa maelfu.

Dereva simlaumu sana. Linalokera ni yaliyofuata. Waliopiga simu kulalamika waliambiwa maji ni salama, hata ukali wake haushindi wa limau! Mamlaka ya maji iligundua kosa ndani ya siku chache, lakini wananchi walielezwa tarehe 22 Julai, tena kwa tangazo la gazetini. Serikali ilikuwa ikijiandaa kuyabinafsisha mashirika ya maji, na wenyeji wengi wanaamini hilo ndilo lililofunga midomo.

Mwaka 1991 mahakama iliitoza mamlaka hiyo faini ya pauni 10,000. Mwaka 2012, ofisa aliyechunguza kifo cha mkazi mmoja, ambaye ubongo wake ulikutwa na alumini nyingi, alisema mamlaka ilicheza kamari na maisha ya watu 20,000. Mwaka uliofuata serikali iliomba radhi, huku jopo la wataalamu likisema haielekei kuwa maji yale yaliacha madhara ya kudumu. Wakazi wengi hawakukubali. Vipimo vya miili yao katika siku zile za kwanza, ambavyo vingeamua ubishi huo, karibu havikuchukuliwa.