Kosa la Stima Lililojificha Ukutani

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani ni maneno ya kupambia insha tu, hadi mvua ya masika ilipoanza.

Kila iliponyesha, swichi kuu nyumbani ilijikata yenyewe, pap! Giza. Baba akasema ni ile redio kuukuu ya kaka, akaichukua na kuifungia kabatini. Wapi! Mvua ikaja, giza likarudi. Jirani akatushauri tuing'oe hiyo swichi.

Mjomba, ambaye ni fundi wa stima, aliposikia hayo alishtuka. "Huyo ndiye askari wenu!" Alitueleza kuwa stima ikianza kuvuja kuelekea ardhini, swichi hiyo hukata kabla uvujaji haujapita miliampea 30, ili mtu asiuawe.

Jumamosi alikuja, nami nikamshikia tochi. Kwanza alizishusha swichi ndogo zote, akawasha ile kuu, kisha akazipandisha moja moja. Za taa zikatulia. Ya soketi ilipopanda, pap! Basi taa hazikuwa na kosa. Pili, tulichomoa pasi, runinga na vyombo vyote. Ikajikata bado. Kumbe kosa limo ndani ya waya zenyewe!

Hapo alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna stima. Akafungua soketi ya katikati, akatenganisha waya, akapima ukinzani wa kila upande. Waya nzima husoma angalau megaomu 1. Upande wa sebuleni ulisoma chini sana. Akagawa tena na tena, hadi ikabaki soketi moja.

Juu yake ilining'inia kalenda.

"Nani alipigilia huu msumari?" Mjomba akauliza. Nilitazama sakafu. Ni mimi. Msumari ulikuwa umetoboa paipu na kukwaruza waya. Ukuta ukiwa mkavu, mambo shwari. Ukilowa, stima inavuja.

Nilimwomba kaka radhi mbele ya wote, naye akarudishiwa redio yake.

Wenzangu, waya nyingi hupita wima, juu au chini ya swichi na soketi. Usipigilie msumari hapo! Swichi ikijikata, msiing'oe, mwiteni fundi. Tena kosa la stima hutafutwa kwa kupima, si kwa kumshuku mtu.