Mfereji, bomba au paipu? Mkataba wa mstari mmoja

Mkataba wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja. Niliuandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili nilichokiamini kuwa sanifu: fundi atabadilisha mifereji yote ya nyumba ya mama, mtaani Tudor, Mombasa, kabla ya mwezi kwisha. Fundi akatia sahihi, nikampa nusu ya malipo, kisha nikapanda basi kurudi Nairobi nilikokuwa nimeacha rundo la karatasi za mitihani.

Baada ya wiki mbili mama akanipigia simu. "Mwanangu, mifereji inang'ara kama ya hoteli. Lakini maji ni yale yale, rangi ya chai."

Nikampigia fundi kwa hasira. Naye, kwa utulivu ulioniudhi zaidi, akanijibu: "Mwalimu, si uliandika mifereji? Mifereji yote saba nimeibadilisha. Paipu hukuniambia."

Nilikata simu nikijiandaa kumshtaki kwa chifu. Kisha nikausoma tena ule mstari wangu. Fundi hakuwa amekosea hata neno moja.

Mpenzi msomaji, nilipokuwa nikiandika "mifereji", akilini mwangu niliiona njia nzima ipitishayo maji, kutoka kwenye mita hadi jikoni. Sikulitoa wazo hilo hewani. Maana ya msingi ya mfereji ni njia iliyochimbwa ili maji yapite. Ndiyo sababu tunasema Mfereji wa Suez, na hakuna anayedhani kuna mtu kule Misri wa kuufungua asubuhi na kuufunga usiku. Hata hivyo, kwa Mkenya wa kawaida, awe wa pwani au wa bara, mfereji ni kile kifaa cha kufungua na kufunga maji kwenye sinki. Mtoto akiambiwa "funga mfereji" haendi kutafuta jembe.

Je, ningeandika "mabomba" ningesalimika? Huenda. Bomba ni neno tulilolipata kwa Wareno, na kwao lilimaanisha mashine ya kuvuta na kusukuma maji. Maana hiyo bado tunayo tunapotaja bomba la kupulizia dawa shambani. Lakini magazeti yetu huandika pia "bomba la mafuta" kuhusu lile lililoanza kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978, na hapo hakuna anayefikiria mashine ya kusukuma. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, utaambiwa "fungua bomba" unawe mikono. Vijana nao wakisema kitu ni bomba, wanakisifu. Kuna pia bilula, neno ambalo wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mitihani, halafu wakifika nyumbani wanafungua mfereji.

Nimesikia wenzangu katika taaluma hii wakiwalaumu mafundi kwa "kuharibu lugha" na maneno kama paipu, elbo, soketi na stopkoki. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuandika hivyo. Sasa nauliza: ni neno lipi kati ya hayo lililonitia hasara? Hakuna. Paipu ni paipu Tudor, na ni paipu Kisumu. Lililoniponza ni neno letu safi, lenye maana tatu, nililolitumia bila kueleza ninakusudia ipi.

Na tofauti ya maana hapa haikuwa ya vitabuni tu. Nyumba ya mama ilijengwa katika miaka ya 1960, na mabomba yake yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki huulinda ule mchuma kwa miaka mingi, lakini haiulindi milele. Ikishalika, kutu huanza kwa ndani, mahali macho hayafiki. Kutu hiyo haitoboi tu. Inajijenga pia, ikawa kama magamba, na tundu la maji likazidi kuwa jembamba. Pale Mombasa kuna jambo jingine: maji yanapokatika, watu wengi hujaza matangi kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, na chumvi huharakisha kazi ya kutu. Maji yakilala usiku kucha ndani ya bomba la namna hiyo, asubuhi hutoka yakiwa mekundu.

Kwa hiyo mifereji mipya haikuweza kusaidia chochote. Pengine ilizidisha ubaya. Kufungua mfereji wa zamani kunahitaji spana na nguvu, na mtikisiko huo hubandua magamba ya kutu, nyuzi za chuma zilizochakaa nazo zikavunjika. Nilipofika Mombasa, ukuta wa bafu ulikuwa umeanza kulowa.

Fundi alikata kipande akanionyesha. Bomba la nusu inchi lilikuwa limebaki na tundu ambalo penseli isingepita. "Hii si ya kuziba, mwalimu," alisema. "Ukiweka kipande kipya hapa, kesho itapasuka pale mbele."

Tukakubaliana kutumia mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Ncha ya bomba na kiungo chake hupashwa kwa kifaa chenye joto la takriban nyuzi 260, kwa sekunde chache, kisha husukumwa pamoja vikawa kitu kimoja. Hapa pia lugha ya vipimo ilitaka kunitega tena. Bomba la plastiki la milimita 20 limepimwa kwa nje. La chuma la nusu inchi liliitwa hivyo kwa kukadiria tundu lake la ndani. Anayelinganisha namba hizo mbili dukani bila kuuliza atanunua visivyo.

Hatukubomoa kuta. Mabomba ya zamani yalikatwa maji yakaachwa humo humo ukutani, mapya yakapitishwa juu ya ukuta na darini. Si mapambo, lakini yakivuja yataonekana.

Kabla ya kukata bomba kuu, fundi aliniuliza swali ambalo nisingelifikiria: "Athi ya stima imefungwa wapi?" Katika nyumba nyingi za zamani, waya wa kupeleka umeme ardhini ulifungwa kwenye bomba la chuma la maji. Ukiweka plastiki, waya huo haufiki tena ardhini, na siku nyaya zikigusana, mtu anaweza kuuawa na jiko lake mwenyewe. Kwa mama ulikuwa umefungwa hivyo hivyo. Tukamwita fundi wa umeme achimbie nondo yake kwanza, ndipo msumeno ukaanza kazi.

Mkataba wa pili aliuandika fundi. Ulijaza ukurasa, na ulikuwa na mchoro. Mstari wa kwanza ulisema: "Paipu zote za maji, za ndani na za nje, kutoka kwa mita mpaka kwa mfereji." Kalamu yangu ilikuwa tayari imefunguliwa ili nisahihishe "kwa" ziwe "kwenye". Nikatia sahihi tu.