Dawa ya kuzuia maua ya hoho kupukutika: Piga hesabu kwanza

WAKULIMA wengi wa pilipili hoho katika maeneo ya joto wanalijua tatizo hili. Miche imestawi, maua yamejaa, halafu ndani ya wiki moja yamepukutika chini. Hapo ndipo muuza pembejeo anapotoa kichupa cha ‘busta’ na kuahidi kwamba kila ua litakuwa tunda.

Ahadi hiyo ina ukweli nusu. Joto la mchana likizidi nyuzi 32, ua hupungukiwa na homoni iitwayo oksini, kikonyo kikalegea na kuachia. Busta yenye NAA, ambayo ni oksini ya kiwandani, husaidia kikonyo kishike. Lakini haiponyi chavua iliyokwisha kuharibiwa na joto. Ua linaweza kubaki na kuzaa kitunda kidogo kisicho na mbegu, ambacho mnunuzi atakiweka kando.

Kipimo nacho ni kidogo mno. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tamil Nadu, India, kinapendekeza kwa pilipili kali miligramu 10 za NAA kwa lita moja ya maji, siku ya 60 na ya 90 baada ya kupanda. Kwa dawa yenye NAA asilimia 4.5, bomba la lita 20 linahitaji mililita 4.4, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Anayemimina kifuniko kizima ili ‘ifanye kazi vizuri’ anajitafutia hasara, kwani NAA hiyo hiyo hutumiwa na wakulima wa matufaha kupunguza matunda mtini. Aidha, 2,4-D inayoua magugu kwenye mahindi ni ya ukoo huo huo. Bomba lililoibeba lisiingie kabisa kwenye hoho.

Tuje kwenye fedha. Tuseme dawa na kibarua kwa mipulizo miwili vinakugharimu Sh20,000, na kilo ya hoho shambani ni Sh800. Ni lazima upate kilo 25 za ziada ndipo urudishe gharama tu. Ukiuza kwa lumbesa, kilo hizo zote zinaweza kumezwa na magunia machache!

Kabla ya kununua, angalia kama maua hayaangushwi na urea iliyozidi, ukosefu wa maji au thiripi. Kwa matatizo hayo busta ni fedha ya bure. Ukiona chanzo ni joto, soma lebo: iwe na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kiasi cha NAA na kipimo cha hoho.

Kisha pulizia mistari miwili jioni, uache miwili ya jirani bila dawa. Pima kwa mizani kila mchumo, ukitenga hoho zinazouzika na vitunda vidogo.