Kulenga Shabaha kwa Kidole

Michezo ya kufyatuliana risasi kwenye simu, kama Free Fire (2017), PUBG Mobile (2018) na Call of Duty: Mobile (2019), huchezwa kwa kugusa kioo. Kidole gumba cha kushoto humtembeza mhusika. Cha kulia hugeuza upande anaotazama, hulenga na hufyatua. Kazi hizo zikigongana, shabaha hupotea. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huhamishia kitufe cha kufyatua juu kushoto na kukibonyeza kwa kidole cha shahada, kwani mipangilio huruhusu vitufe kuhamishwa na kukuzwa. Wengine huwasha jairoskopu, kihisi kinachofuata mwinamo wa simu, ili kusahihisha shabaha kwa kuinamisha simu kidogo.

Kioo hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme, na jasho huvuruga utambuzi huo. Kikambala, penye joto na unyevu wa pwani ya Kilifi, tatizo hilo ni la kawaida. Dawa yake ni kupangusa kioo na vidole kwa kitambaa kikavu na kucheza penye upepo.

Anayeanza apunguze wepesi wa mguso kwanza, yaani kasi ya mtazamo kugeuka kidole kinapotelezeshwa, kisha auongeze kidogo kidogo mkono unapozoea.