Turbo Haiji Peke Yake

Barabara ya RN2 ya Burundi ikiacha Bugarama hupita Muramvya, ikapanda na kushuka vilima hadi Giheta, kisha ikaingia Gitega. Giheta iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Bugarama imepita mita 2,000. Dereva wa Probox iliyosheheni abiria na magunia huusikia urefu huo mguuni: pedali imefika sakafuni na gari bado linajikokota.

Kinachopungua ni hewa. Petroli haiungui bila oksijeni, na huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita. Kwa makadirio, injini ya lita 1.5 isiyo na turbo huvuta pale Giheta hewa ambayo injini ya lita 1.25 ingeivuta ufukweni. Ikifika Bugarama, pengo linazidi moja ya tano. Mafuta ni yale yale, fundi ni yule yule, ila mlima umekata sehemu ya injini.

Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya dawa ya tatizo hili mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye silinda bado una joto na msukumo ambao kwa kawaida hupotelea kwenye ekzosi. Büchi aliupitisha kwenye gurudumu lenye mapanga likazunguka. Gurudumu hilo likazungusha jingine lililo upande wa pili wa shafti, nalo likasukuma hewa nyingi zaidi kwenye injini. Turbo ya gari la leo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Malori ya dizeli yanayopanda kutoka Bujumbura na shehena yanaitegemea kila siku.

Ukiikuta turbo ya gari dogo mezani gereji, utaiinua kwa mkono. Ni kilo chache tu. Mbona basi gari la michezo la turbo huzidi lile la msingi kwa makumi ya kilo, pengine zaidi ya mia?

Kilo 135

Tuchukue Porsche 911 ya kizazi kinachoitwa 992, kama ilivyokuwa mwaka 2020. Carrera, ambayo ndiyo ya msingi, ina kilo 1,505. Turbo S, iliyotoka mwaka 2020, ina kilo 1,640. Wengi watasema kilo hizo 135 ni za turbo. Lakini fungua injini ya Carrera: nayo ina turbo mbili, sawa na Turbo S. Porsche ilianza kuzifunga kwenye Carrera za kawaida mwaka 2015. Magari yote mawili yana turbo, na bado moja ni zito kuliko jingine.

Tofauti yenyewe iko kwenye nguvu. Carrera ina nguvu-farasi 385, Turbo S ina 650. Nguvu ya kuzungusha imetoka Nm 450 hadi 800. Kila kipande kinachopokea nguvu hiyo, kuanzia pistoni hadi tairi, lazima kiweze kuihimili.

Joto kwanza

Hewa ikibanwa hupata moto. Ukichukua hewa ya nyuzi 20 na kuibana hadi karibu mara mbili ya mgandamizo wake, inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zipatazo 100. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea; isitoshe, petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Ndiyo maana hufungwa intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa, pamoja na mabomba yake ya kwenda na kurudi.

Upande wa ekzosi mambo ni makali zaidi. Moshi wa injini ya petroli inayokimbizwa hufika nyuzi 900 na zaidi, kwa hiyo nyumba ya turbo hutengenezwa kwa chuma kizito kinachovumilia moto. Shafti inahitaji oili, na oili inahitaji kupozwa. Rejeta ya maji nayo lazima ikue, na maji yaliyomo yana uzito wake. Pistoni, mikono yake na krenki huimarishwa ili zisivunjike. Hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivyo kinachotisha kwenye mizani, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Nguvu ikishatoka injini

Hapo ndipo kilo nyingi hujificha. Porsche ililijua hilo tangu 911 Turbo ya kwanza ya mwaka 1975. Ingawa 911 nyingine zilipata giaboksi ya gia tano, ile ilipewa ya gia nne, zenye meno mapana na imara zaidi. Gari lile lilikuwa na kilo 1,140. Mwaka 1978 lilikuja la injini ya lita 3.3, safari hii likiwa na intakula, na breki zilizotokana na za gari la mashindano la 917. Uzito ulifika kilo 1,300.

Wapenzi wa magari wa Afrika Mashariki wanaweza kuliona jambo hilo kwenye Subaru Impreza, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1997 chini ya Colin McRae. Impreza WRX iliyouzwa Marekani mwaka 2002 ilikuwa na nguvu-farasi 227 na karibu kilo 1,400. Toleo lake la STI la mwaka 2004 lilikuwa na nguvu-farasi 300 na karibu kilo 1,480. Zote mbili zina turbo moja. STI iliwekewa injini kubwa zaidi, giaboksi nzito ya gia sita, difu imara na breki za Brembo. Giaboksi ya gia tano ya WRX ilikuwa na sifa mbaya ya kuvunjika meno pale wenye magari walipoongeza nguvu ya injini peke yake.

Baiskeli za mizigo za Burundi zinafuata kanuni hiyo hiyo: kabla ya kuning'inizwa mikungu ya ndizi, huchomelewa vyuma vya ziada.

Kwenye Turbo S, nguvu huenda magurudumu yote manne, wakati Carrera ya msingi husukumwa na ya nyuma tu. Kwa hiyo kuna difu na shafti zaidi mbele. Tairi za nyuma zimetoka upana wa milimita 295 hadi 315, na bodi nayo ikapanuliwa ili izifunike.

Kusimama

Gari likikimbia kilomita 140 kwa saa badala ya 100, nishati ambayo breki zitapaswa kuimeza karibu inakuwa mara mbili. Disiki za mbele za Carrera zina kipenyo cha milimita 330. Za Turbo S zina 420, tena za kauri, kwa sababu za chuma za ukubwa huo zingeongeza uzito zaidi.

Anayeteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura anaelewa. Mteremko ule unashusha gari zaidi ya mita 1,200. Kwa gari la kilo 1,500, nishati inayoachiwa ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, na sehemu ambayo gia na upepo havikuizuia huishia kwenye breki.

Turbo inapopunguza uzito

Turbo hailazimishi unene. Ferrari ilipoacha injini ya lita 4.5 ya 458 Italia na kuweka ya lita 3.9 yenye turbo mbili kwenye 488 GTB mwaka 2015, uzito mkavu uliotangazwa ulishuka kutoka kilo 1,380 hadi 1,370, huku nguvu ikipanda kutoka nguvu-farasi 570 hadi 670. Injini ilipunguzwa, na gari la awali lilikuwa tayari limejengwa kwa nguvu kubwa. Gari la msingi linalopandishwa cheo halina akiba kubwa hivyo. Kilo zake hulipwa siku nguvu inapoongezwa.

Kwa hiyo, ukiambiwa gereji kwamba injini yako ya kawaida inaweza kufungwa turbo na gari likaongezeka kilo kumi tu, uliza ni intakula gani, pistoni zipi, giaboksi ipi na breki zipi. Vitu ambavyo mizani haikuviona, huenda ni kwa sababu havikufungwa.