Desemba Berlin: Mchana Mfupi, na Wenzetu Waliotangulia

Likizo ya Desemba ikaribiapo, hapa Bunda haikosi familia moja au mbili zilizoalikwa na vijana wao walioko Ujerumani wakawatembelee Berlin. Nasi katika kamati ya msikiti huulizwa: mzee atavaa nini, atakula nini, ataswali vipi? Kuhusu mavazi, koti zito hununuliwa. Chakula nacho si tatizo, kwani mitaa ya Kreuzberg na Neukölln imejaa Waturuki na maduka ya nyama halali. Swala ndiyo inayohitaji maelezo.

Sisi tuishio karibu na Ikweta tumezoea mchana usiobadilika; mwaka mzima hutofautiana kwa takriban robo saa tu. Berlin katika wiki ya tatu ya Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri huingia punde baada ya saa sita, Alasiri kabla ya saa nane, na Maghribi wakati ambao kwetu watoto wanarudi kutoka shuleni. Atokaye nyumbani saa tano kwenda kuutazama mji anaweza kurudi jioni na swala mbili zimempita, naye akidhani bado ni mapema.

Wapo wanaosema msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Ni kweli, lakini wasisahau sharti. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na siku ya kufika na ya kuondoka, huhesabiwa mkaazi. Basi mgeni wa wiki tatu kwa mwanawe ataswali kamili, na kila swala kwa wakati wake. Aliyevaa khofu za ngozi akiwa na udhu naye atazipangusa kwa mchana mmoja na usiku wake, si kwa siku tatu za msafiri. Kwa upande mwingine, mama mwenye deni la Ramadhani atalilipa huko kwa wepesi, maana tangu Alfajiri hadi Maghribi hazitimii saa kumi.

Lakini Berlin isitazamwe kwa theluji na taa za madukani pekee. Waislamu wa pwani yetu waliijua baridi ile zamani. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua mjini humo chuo cha lugha za mashariki, na miongoni mwa waliosoma Kiswahili hapo walikuwa maofisa waliokuja kututawala. Walimu walitoka kwetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyesoma elimu ya dini Bagamoyo, alifika mwaka 1900 kufundisha, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yakachapishwa mwaka 1903. Alioa huko. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam, wakarudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Huyo ndiye aliyewafundisha namna ya kusema nasi.

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, naye akawa askari mtoto katika Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na babake hawakulipwa. Hakupewa. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumia wageni, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa sheria zao za ubaguzi wa rangi, wakamtia katika kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Allah amrehemu.

Mwenye watoto aanze siku kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, barabara ya Invalidenstraße. Hapo yumo mjusi mkubwa wa kale mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi wetu waliibeba hadi bandarini. Waelezeni watoto kwamba waliolima, waliochimba na waliobeba walikuwa babu zetu. (Mjerumani apitaye Bunda kwenda Serengeti hulipa kiingilio kuona wanyama wetu; na sisi huko hulipa kiingilio kumwona wa kwetu.)

Kutoka hapo si mbali kufika Brunnenstraße, nyumba namba 193. Tazameni chini, si juu: kwenye njia ya waendao kwa miguu kuna kibamba kidogo cha shaba chenye jina la Husen, kilichowekwa mwaka 2007. Theluji ikianguka hufunikwa, basi pangusa kwa mkono. Simameni mmwombee dua.

Hiyo itakuwa yapata saa saba. Kituo cha Rosenthaler Platz ki karibu. Pandeni treni ya U8 kuelekea kusini mpaka Boddinstraße, kisha tembeeni hadi Columbiadamm, kwenye msikiti wa Şehitlik na makaburi ya Waislamu yaliyoanza mwaka 1866. Msipochelewa njiani mtawahi Alasiri, na mkikaa humo kujipasha joto, Maghribi itawakuta papo hapo.